Mnaochimba visima virefu Shela, Lamu, mnatumaliza!

Wanalamu wenzangu, uzi huu naufungua kwa hasira. Kila kiangazi utasikia "maji yameingia chumvi, mvua haikunyesha." Mvua inasingiziwa. Pampu ndizo zinazotuharibia maji.

Chini ya vilima vya mchanga vya Shela hakuna mto. Kuna maji ya mvua yaliyopenya mchangani yakatulia juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hesabu yake imejulikana zaidi ya miaka 100: kila sentimita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban sentimita 40 nyingine chini ya usawa huo. Shusha maji kisimani sentimita 10 tu, yakae hivyo, na chumvi yaweza kupanda mita 4 kukufuata.

Sasa mtu anajenga jumba la wageni, anachimba kwa mashine mpaka kule chini kabisa, anatumbukiza pampu ya lita 5,000 kwa saa ili ajaze bwawa la kuogelea. Chini ya pampu ile chumvi inainuka kama kichuguu. Wala haihitaji kuwa nyingi: lita 4 za maji ya bahari ndani ya pipa la lita 200 zinapitisha kloridi (kiungo cha chumvi) miligramu 250 kwa lita, na hapo ulimi unaanza kukataa. Ukizima pampu, chumvi haishuki kesho. Inaweza kuchukua miezi, hata masika kadhaa. Anayelipa ni jirani mwenye kisima cha ndoo, ambaye sasa ananunua mitungi ya punda.

Na msituambie hakuna njia nyingine! Fundi anayeijua pwani hachimbi kirefu, huchimba kipana: nusu mita hadi mita 1 chini ya usawa wa maji ya kiangazi, basi. Pampu anafunga ndogo, ya lita 500 kwa saa, ifanye kazi saa 8. Tangini zinaingia lita 4,000, sawa na pampu kubwa ya dakika 48, ila kisima hakishuki ghafla. Kisha kuna kile kipimo cha chumvi cha mkononi: unapima asubuhi kabla ya kuwasha, unapima tena jioni. Namba ikipanda siku baada ya siku, punguza saa za pampu. Usingoje chai ikuambie.

Mchanga nao unachotwa vilimani kwa ajili ya ujenzi, na panapobaki panamwagwa zege. Mvua itapenya wapi? Mashimo ya vyoo yanachimbwa karibu na visima, na mchanga ule hupitisha uchafu upesi.

Wengine mnasema tulete mashine za kutoa chumvi baharini. Kwa kawaida lita 100 za bahari hutoa kama 40 za kunywa. 60 zinazobaki ni chumvi kali. Mkizimwaga ardhini mmeua visima vyenu wenyewe, na umeme ni uniti 3 hadi 4 kwa kila lita 1,000.

Badala yake tukinge mvua: paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 30, ni lita 3,000. Toa zinazopotea, zinabaki lita 2,400 hivi. Wazee walilijua hilo: jabia (sakafu pana ya kukingia mvua na tangi lake) kule visiwani, birika za kuhifadhi maji majumbani na samaki wadogo ndani wa kula viluwiluwi vya mbu. Leo sakafu ya jabia inapasuka, haizibwi kabla ya masika, halafu tunalia kiu.

Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali. Basi kila kibali cha Shela kiandikwe kina cha mwisho, lita kwa siku, na mita ifungwe kwenye pampu, isomwe kila mwezi na namba zibandikwe hadharani. Kisima kinachopanda chumvi kifungwe, awe mwenyewe ni nani.

Mwenye kujua mashine inayochimba Shela wiki hii aandike hapa sehemu na ukubwa wa pampu. Majina ya watu msiweke.