Kampuni za utalii, acheni kuuza "picha ya karibu": duma na chui wanalala njaa kwa ajili ya lenzi

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Mimi ni dereva mwongoza watalii, njia zangu ni Serengeti na Ngorongoro, na msimu huu wa Ndutu, zile nyanda za mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, umenichosha roho kwa jambo moja tu: hii biashara ya kumwahidi mgeni mwenye kamera kwamba atampiga duma picha akiwa mita chache kutoka mlangoni mwa gari. Ahadi inatolewa ofisini, kwenye tangazo, na mtu ambaye siku hiyo hatakuwepo porini.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni hiki. Februari, si mbali na Ziwa Masek, asubuhi, jua bado halijakaza. Duma jike ana watoto watatu, wadogo, bado wana yale manyoya marefu ya kijivu mgongoni. Amewaacha kwenye majani, yeye anamnyatia swala tomi aliyejitenga na kundi. Mnaomjua duma mnajua anavyofanya: kichwa kimeshuka usawa wa mabega, anaweka mguu mmoja, anaganda, swala akiinama kula, anaweka mwingine. Tulikuwa magari mawili, injini zimezimwa, tuko mbali. Mara redio ikaanza: "Madoa chini, madoa chini, yuko kazini," yaani duma yupo na anawinda. Haikuchukua muda, vumbi pande zote.

Gari moja halikusimama tulipo sisi. Lilikuwa la wapiga picha, lenzi zimetoka paani na madirishani, na kiongozi wa msafara anamwelekeza dereva kwa mkono: zunguka, zunguka, pita mbele. Wanataka duma akichomoka aje akiwaelekea usoni, miguu yote hewani, macho kwenye lenzi. Ndiyo picha inayopendwa kuliko zote. Ili uipate, gari lazima likae nyuma ya swala, yaani upande ule ule ambao swala angekimbilia. Dereva akazunguka. Swala akanyanyua kichwa, akapiga kwato, akaondoka. Duma akainuka katikati ya uwanda mtupu, akayatazama magari, akajilaza chini.

Basi hapo mtu mwenye akili angerudi nyuma. Wao wakageuza gari kuwafuata watoto.

Mama yuko huku, watoto wako kule kwenye majani, gari linapita katikati. Duma hangurumi kama simba. Anawaita wanawe kwa sauti nyembamba kama ya ndege. Ukishazungushiwa injini za dizeli kila upande, mtoto atasikia nini? Nimekaa pale nimeshika usukani, mgeni wangu mama mtu mzima ananiuliza, "Hivi hii inaruhusiwa?" Sikuwa na jibu la kumpa bila kuwavua nguo wenzangu.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu najua wapo watakaosema swala ni wengi, atakula kesho. Duma si simba. Simba akikosa leo, ana kundi, ana usiku mzima, na ana nguvu ya kumnyang'anya mwingine. Duma huwinda zaidi mchana kwa sababu anawakwepa simba na fisi. Mbio zake ni kali, zinaweza kuvuka kilomita 100 kwa saa, lakini ni za muda mfupi sana na mara nyingi anakosa. Akikamata, anabaki ameshika shingo ya swala huku mbavu zinapanda na kushuka, hawezi hata kula mpaka atulie. Katika muda huo fisi akitokea, chakula kimekwenda, maana duma hawezi kuhatarisha mguu kwa kupigana. Na fisi si mjinga. Akiona magari yamejikusanya sehemu moja, anajua kuna kitu. Nimeshawaona wakinyanyuka walipolala na kuja moja kwa moja kwenye duara la magari. Kwa hiyo hata duma akifanikiwa kuwinda mbele yenu, mkusanyiko wenu unamtangaza.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kuhusu duma wa Maasai Mara, hapo kwa jirani zetu. Majike wanaoishi sehemu zenye watalii wachache walikuza wastani wa watoto 2.3 kwa kila uzazi hadi umri wa kujitegemea. Wale wa sehemu zenye watalii wengi, wastani ulikuwa 0.2. Someni tena hizo namba taratibu. Na hapo kumbukeni kwamba hata bila gari lolote maisha ya mtoto wa duma ni magumu: kwenye nyanda zetu za Serengeti, utafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuta takriban watoto 5 tu kati ya 100 ndio wanaofika umri wa kujitegemea, wengi wanauawa na simba. Duniani wamebaki duma kama 7,000. Halafu tunachukua mama mwenye watoto watatu tunamfanya mapambo ya picha.

Chui wa Seronera, katikati ya Serengeti, naye ana shida zake. Anapandisha swala wake kwenye mgunga au mwegea ili simba na fisi wasimfikie, na magari yanajipanga mpaka chini ya shina. Mimi nimemwona chui jike akijaribu kushuka, anafika nusu ya mti, masikio yamelala nyuma, ncha ya mkia inapigapiga, anarudi juu. Mtoto wake alikuwa kwenye kichaka ng'ambo ya barabara. Watu wanashangilia: "Ametuangalia! Ametuangalia!" Anawaangalia kwa sababu mmekaa mlangoni kwake. Alishuka jioni magari yalipoanza kuondoka.

Na wale paka wadogo ambao wala hakuna anayewahesabu. Mondo, yule paka wa madoa mwenye masikio makubwa, anawinda kwa kusikiliza, anasimama kwenye majani marefu anasikiliza panya anavyotembea chini, kisha anaruka juu na kumdondokea. Ukisimama na injini inanguruma umbali wa mita tano umeshamziba masikio. Simbamangu, paka mwingine mwenye vishungi vyeusi masikioni, yeye hata hasubiri, anatoweka, na dereva analaumiwa kwamba "hakuwahi".

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata hiyo picha yenyewe haihitaji ukaribu huo. Nimebeba wapiga picha wazuri kwa miaka, nimejifunza kwao. Mtu ana lenzi ya milimita 600, kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame, kile kipande cha ndani kinachopokea picha), akiwa mita 40 fremu yake inakamata upana wa kama mita 2.4. Duma mwili wake bila mkia ni mita moja na kitu, hazidi moja na nusu. Tayari amejaza picha! Unasogea mita tano ukafanye nini? Isitoshe, ukisimama kwenye paa lililofunguliwa, kamera iko zaidi ya mita mbili kutoka ardhini. Ukiwa karibu unampiga kutokea juu, unapata mgongo na majani, anaonekana mfupi, hana ukubwa wowote. Ukiwa mbali, lenzi inakuwa karibu usawa wa macho yake, uwanda wote nyuma unayeyuka, anasimama peke yake. Kweli, mchana hewa ya joto inachezacheza na picha ya mbali inaharibika. Dawa yake ni kuamka mapema, weka mfuko wa mchele dirishani lenzi itulie, zima injini gari lisitetemeke, subiri. Wapiga picha wanaojua kazi hawanisukumi hata siku moja. Wanaosukuma ni wale waliouziwa ukaribu na sasa wanaudai, na wale wa simu wanaotaka kuonekana wao na simba kwenye fremu moja. Na kwenye hili la simu Watanzania wenzangu nanyi mmo, msijifiche nyuma ya wazungu.

Halafu kuna huu upuuzi wa duma kupanda juu ya gari. Anatafuta kichuguu cha kuangalia mbali, gari limesimama pale pale, anapanda boneti, anaingia paani. Kuna madereva sasa wanapanga gari kabisa ili apande, maana video ile inazunguka dunia nzima na kampuni inapata wateja. Siku atakaporuka ndani kwa woga na kumrarua mtoto wa mtu, atakayetafutwa kwanza ni dereva, na atakayepigwa risasi ni duma.

Sheria zipo, tusidanganyane. Seronera ni marufuku kuacha barabara, mwendo wa hifadhini mwisho kilomita 50 kwa saa, kelele hazitakiwi. Maasai Mara wana kanuni ya magari 5 kwa mnyama na umbali usiopungua mita 20. Upande wa Ndutu ulio chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro zipo sehemu unaruhusiwa kutoka barabarani, na ndiyo maana wapiga picha wanapakimbilia. Ruhusa ile ilikuwa ya kukusaidia kuona, haikuwa ya kumkata duma njia. Askari wa hifadhi ni wachache na uwanda ni mkubwa. Akitokea, magari yanatawanyika, akiondoka, yanarudi.

Na anapomkamata mtu, anamkamata dereva. Hapa naomba mnielewe. Dereva akikataa kusogea, mgeni ananuna, jioni anaandika ujumbe ofisini, bosi anapiga simu: "Mgeni analalamika humkaribishi kwenye wanyama, kuna nini?" Bakshishi imekwenda, ambayo kwa wengi wetu ndiyo ada ya watoto, na safari ijayo anapewa mwingine. Dereva akikubali kusogea, akakamatwa, faini ni yake na jina lake linaharibika. Mgeni anapanda ndege na picha zake. Kampuni inaziomba, inazibandika kwenye tangazo la mwaka unaofuata: njoo umwone duma kwa karibu hivi. Mzunguko unaanza upya.

Ninachotaka ni hiki, na nasema kwa wenye kampuni kwanza. Ondoeni neno la ukaribu kwenye matangazo yenu. Mwandikieni mgeni kabla hajalipa kwamba umbali anaamua dereva, na kwamba dereva hataadhibiwa kwa malalamiko ya aina hiyo. Acheni kutumia picha za duma juu ya boneti. Mamlaka za hifadhi, anayepatikana na kosa, andikeni na kampuni, si leseni ya dereva peke yake. Mwenye kampuni akikosa vibali vya msimu mmoja, ofisi zote Arusha zitajifunza ndani ya wiki. Na duma mwenye watoto wadogo awekewe umbali wake maalum, mkubwa, usiojadiliwa, Ndutu ikiwemo.

Nyinyi wenye kamera, siku ya kwanza mnapoingia kwenye gari semeni wenyewe: "Kaka, sisi hatutaki usogee." Hamjui mzigo mnaomtua mtu kwa sentensi hiyo moja. Mgeni wangu yule wa Ndutu alisema hivyo mbele ya wenzake wote, tukarudi nyuma, tukawaacha wengine na duara lao.

Nikiambiwa wageni ndio wanaoleta dola, najua, nakula kwa dola hizo hizo. Ndiyo maana nalalamika.

Sasa swali langu kwa madereva wenzangu mliomo humu, wa Arusha, Karatu, Mto wa Mbu na hata ndugu zetu wa Narok, upande wa Kenya. Anayekataa peke yake anapoteza kazi, hilo tunalijua wote. Tukikubaliana kwamba msimu ujao gari la kwanza kufika kwa duma anayewinda ndilo linalopanga umbali, na wanaofuata wote wanakaa nyuma yake, nani yuko tayari? Andikeni hapa hapa chini, bila majina ya kampuni, tujuane tuko wangapi.