Muvi zenye mtafsiri: zinatufaa au zinatuharibia?

Mpenda Sinema wa Chumbageni
Wanatanga, leo tubishane. Miye nimekulia kwenye vibanda vya video vya Ngamiani. Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, ndiye aliyenifundisha kuzitazama. Mpaka leo nikimwona Mchina kanyanyua ngumi naisikia sauti yake. Kwa hiyo asije mtu akaniambia najifanya Mzungu.

Lakini sikilizeni kilichonikuta na Parasite, ile ya Mkorea Bong Joon-ho iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata. Mara ya kwanza niliiona kibandani, imetafsiriwa. Mara ya pili nyumbani, kwa maandishi ya chini. Nikaona kama muvi mbili tofauti.

Kuna mahali yule baba dereva anamwendesha mama tajiri, siku moja tu baada ya mafuriko kuzamisha nyumba yake yeye dereva. Mama kakaa nyuma anapiga simu, habari za sherehe ya mwanawe. Mara anasikia harufu, anafungua kioo cha gari. Dereva hasemi kitu. Unabaki na uso wake tu, ukisie mwenyewe: kaumia? Kaona haya? Kibandani hapakuwa na cha kukisia. Mtafsiri kadakia: "Oya mama, mimi nanuka? Ngoja, utanitambua!" Watu wakaangua kicheko. Basi kisu kilipotoka kule mwishoni (samahani kwa ambaye hajaiona) sisi tulishaambiwa zamani.

Bong mwenyewe alisema akipokea Golden Globe mwaka huohuo kwamba ukikiruka kile kizuizi cha inchi moja cha maandishi, utakutana na filamu nyingi nzuri. Miye niko naye. Mtafsiri atafsiri yaliyosemwa. Pale mwongozaji alipoweka kimya, akiache.

Mama wa Makorora
Mwanangu, hiyo inchi moja imeandikwa kwa lugha gani? Kiingereza. Kwako wewe ni inchi, kwangu miye ni ukuta. Nikishasoma maneno mawili, yashapita, na uso wa huyo dereva wako sijauona. Huyo mnayemlaumu ndiye aliyetufungulia mlango sisi ambao shule tuliiacha njiani. Kwanza anachekesha.

Zamani tulikwenda jumba la sinema la Majestic kutazama picha za Kihindi. Kihindi hatukijui, lakini tulilia mpaka leso zinalowa, na kesho yake kisimani tunaziimba zile nyimbo.

Kijana wa Flashi, Ngamiani
Mama, shikamoo. Hapo si umejijibu mwenyewe? Mlilia bila mtafsiri!

Mama wa Makorora
Marahaba. Picha zile zilisema kwa nyimbo na macho, baba. Hizi zenu watu wamejifungia chumbani wanazungumza saa tatu nzima. Mjukuu wangu kaniwekea ile ya bomu, Oppenheimer. Nimeswali, nimepika, nimerudi, bado wanazungumza!

Kijana wa Flashi, Ngamiani
Hahaa! Dakika 180 hizo, Mama. Na tukimtaja Nolan, mwongozaji wake, niongeze langu. Ile Tenet yake ya mwaka 2020, hata wenye Kiingereza chao walilalamika muziki umemeza maneno. Nimeitazama mara tatu sikuelewa. Nikaipata iliyotafsiriwa, walau nikajua nani steringi na nani jambazi. Sasa hapo nani kaharibu, mtafsiri au mwongozaji?

Biashara yangu ni kujaza muvi kwenye flashi, nawajua wateja. Mtu akifika kaunta swali la kwanza ni "imetafsiriwa?" Ukimwambia hapana, anarudisha flashi mfukoni.

Msomaji wa Sheria
Kaka, wateja wako sawa, lakini mwenye mali umemuuliza? Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inasema kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenyewe. Hata tafsiri ingekuwa nzuri kuliko filamu ya Bong yenyewe.

Kijana wa Flashi, Ngamiani
Mwenye mali yuko Korea. Siku akija Tanga, waja leo waondoka leo, tutamkaribisha chai na mkate wa mofa.

Mpenda Sinema wa Chumbageni
Unacheka, lakini ndilo linaloniuma. Tumezoea kusimuliwa mpaka filamu ya Kiswahili tunaiona imepwaya. Aisha ya Chande Omar, ya mwaka 2015, imetoka hapo Pangani, watu wanasema kama tunavyosema sisi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Shivji haharakishi, anaacha mtu atazamane na mwenzake mpaka wewe uone haya. Nilimwekea rafiki yangu, dakika ya kumi akauliza, "Mbona hawaongei?" Mtu kakosa subira kwa lugha yake mwenyewe!

Kwa Nolan nakubali, kelele zake zimezidi. Na kwa Mama nimeshindwa, hilo la ukuta sikuwa nimelifikiria. Dawa ni kuingiza sauti kama zile tamthilia za Kituruki: kila mhusika na sauti yake, anaposema husikika, anaponyamaza kimya.

Mama wa Makorora
Hizo nazitazama kila usiku. Lakini za Bong wako nani kaziingiza?

Mpenda Sinema wa Chumbageni
Sijaiona hata moja. Basi Mama, Jumapili baada ya alasiri nakuja na kompyuta. Nitayasoma maandishi nikuambie kwa Kiswahili.

Kijana wa Flashi, Ngamiani
Ehee! Kumbe naye mtafsiri!

Mama wa Makorora
Njoo, kahawa ipo. Ila tukifika pale pa kioo cha gari, ukifungua mdomo nakutoa nje.