Naomba ushauri: blues ya Mississippi nianzie wapi?
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Mwezi sasa nimezama kwenye blues, ule muziki wa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini kama Mississippi, nimeanza na Robert Johnson aliyerekodi nyimbo 29 tu mwaka 1936 na 1937, yaani mtu mmoja na gitaa lake lakini utadhani wako wawili, nyuzi za chini zinatembea huku za juu zinalia, mwili wote unasisimka. Kumbe hata banjo, ile ala ya nyuzi kama gitaa ya wazungu wa milimani kule Marekani, asili yake Afrika Magharibi, ilienda na watumwa! Sasa mnaojua, nirudi nyuma kwa wakongwe Charley Patton na Son House au niende kwa Muddy Waters aliyehamia Chicago 1943 kisha akashika gitaa la umeme? Bando ninalo, nielekezeni tu.