Wayahudi wa Rhodes walifikaje Lubumbashi?

Mwanafunzi wa Historia (mtaa wa Kenya, Lubumbashi):
Wakubwa wangu, shikamooni. Ninaandika kazi ya masomo kuhusu sinagogi la mjini kwetu, lililojengwa enzi za Wabelgiji. Nimeelezwa kwamba waumini wake wengi walitoka kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni sehemu ya Ugiriki, na kwamba baadhi yao waliponea chupuchupu mikononi mwa Wanazi. Kwa nini mtu anayekimbia kifo Ulaya afike hadi huku Katanga, kusini mwa Kongo?

Mzee wa Kamalondo:
Marahaba, mwanangu. Walifuata ndugu zao. Baada ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910, vijana wa Rhodes walianza kuja kutafuta riziki. Aliyefungua duka alimwita mdogo wake, naye akamwita binamu au mchumba. Kwa hiyo Italia, iliyokuwa ikikitawala kisiwa hicho, ilipotunga sheria za kuwabagua Wayahudi mwaka 1938, na chuo cha marabi kikafungwa, wenye jamaa Kongo au Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo) walikuwa na pa kukimbilia.

Mwalimu (Bukavu):
Naomba niongeze habari za waliobaki, maana bila wao kazi yako itakuwa na pengo kubwa. Wajerumani waliteka kisiwa Septemba 1943. Julai 1944 waliwaita wanaume wa Kiyahudi kana kwamba ni ukaguzi tu, kisha wakawataka wake na watoto wawafuate; watu zaidi ya 1,600 wakasafirishwa kwa mashua hadi Piraeus, bandari ya Athens, na kutoka huko kwa treni hadi Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, walikofika Agosti 16. Walionusurika ni kama 150. Konseli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwaokoa makumi kadhaa kwa kuwadai kuwa ni raia wa nchi yake na jamaa zao, ushujaa unaostahili ukurasa mzima.

Binti wa Karani (Lubumbashi):
Marehemu baba alikuwa karani katika duka la vikwembe la familia moja ya Rhodes. Mke wa tajiri alitoka Auschwitz akiwa yatima, akaletwa huku na mjomba wake, akaolewa. Baba alisimulia kwamba kila aliponyosha mkono kupima kitambaa, wateja waliona herufi A na tarakimu tano, namba yake ya mfungwa kambini, zilizochanjwa kwenye ngozi, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nyumbani walizungumza Kiladino, yaani Kihispania cha Wayahudi, dukani Kiswahili chetu hiki hiki. Mwaka 1973, biashara za wageni ziliponyang'anywa, walihamia Brussels, na mama huyo akaendelea kumwandikia baba barua hadi alipofariki.

Mwanafunzi wa Historia:
Asanteni sana. Mama, je, barua hizo bado zipo?

Binti wa Karani:
Zipo. Njoo nyumbani uzisome, mwanangu.