Mama hasemi kama anaumwa, ila kila mwezi anaacha kazi moja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete. Mama ana miaka 72, magoti yanamsumbua mwaka wa tatu huu. Ukimuuliza, "sijambo mwanangu." Lakini naona. Kwanza aliacha kwenda kuchambua karafuu. Halafu mbuzi ya nazi akamwachia mjukuu. Sasa hata ukili wake, ule mkanda wa minyaa anaosuka, umening'inia ukutani tangu Mfungo Sita, maana akikaa jamvini hanyanyuki bila kushikwa, na kushikwa hataki. Maulidini hakwenda. Hospitali walimpiga picha, wakasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, limelika. Anakunywa diklofenaki, vidonge vya maumivu, za dukani kila siku, na presha anayo. Watu wananiambia uzee hauna dawa. Nifanyeje?

Nesi mstaafu, Chake Chake
Wa alaykum salaam mwanangu. Hizo diklofenaki ndizo zinazonitisha. Zinapandisha presha, zinaumiza figo, na zinatia vidonda tumboni kimyakimya. Mzee haumwi tumbo, unashtukia choo cheusi kama lami. Mpeleke wiki hii, beba dawa zake zote kwenye mfuko, daktari azione. Ulizia ile ya kupaka, kwani kwenye damu huingia kidogo. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto, na homa juu, usingoje kuche.

Binti wa Mkoani
Dada, usimpokonye kazi, inua kazi. Sisi seremala alituongezea miguu ya mbuzi hadi kimo cha kiti, na mama anakuna nazi mwenyewe. Ukili nao husukwa kitini. Chooni tulitia kiti na chuma cha kushikia ukutani. Kilichomuumiza mama zaidi kilikuwa kuchuchumaa, na aibu ya kulisema hilo kwa wanawe.

Nesi mstaafu, Chake Chake
Kweli kabisa. Na paja lipate nguvu: akiwa kitini anyooshe mguu mmoja, ahesabu mpaka tano, ashushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Atalalamika mwanzoni. Mpe wiki kadhaa. Mkongojo aushike mkono wa upande wa goti lisilouma sana, wengi hukosea hapo.

Mwenye uzi
Allah awalipe. Kesho tunakwenda hospitali. Mkongojo ameukataa, anasema ataonekana kizee. Lakini nilipomwekea kiti cha mgongo pale ukumbini, ameuliza ukili wake uko wapi.