Devilman Crybaby: mashetani wanapigana na Mungu asiyesema neno. Tunasifia nini hapo?

Mchambuzi wa Ukonga
Wakuu, habari zenu. Muda mrefu nasoma watu wakiisifia Devilman Crybaby, ile anime (katuni ya Kijapani) ya Netflix, kama vile haina doa. Nimeitazama yote hadi mwisho, na ninasema wazi kwamba sifa zimezidi kazi yenyewe.

Kwa ambaye hajaiona (nasimulia hadi mwisho, ajihadhari): Akira Fudo ni kijana mpole, machozi karibu, anaishi na familia ya msichana Miki Makimura. Rafiki yake wa utotoni, Ryo Asuka, anamwambia mashetani wapo na wanaingia katika miili ya watu. Dawa ni kuungana na shetani huku moyo ukibaki wa mtu. Akira anaungana na shetani Amon, anakuwa Devilman. Mwishoni tunaambiwa Ryo ndiye Shetani mwenyewe, aliyempinga Mungu kwa sababu Mungu alitaka kuwafuta mashetani duniani. Watu wanauana kwa hofu, Miki anauawa, Akira anauawa na Ryo, Ryo anamlilia, nuru inashuka na dunia inakwisha.

Lawama yangu kubwa ni kwa huyo Mungu. Hana neno, hana sababu, ni mwanga unaounguza tu. Huwezi kuendesha kesi nzima bila mshtakiwa kuitwa mahakamani, kisha ukatoa hukumu. Halafu vita vyenyewe, vile tulivyosubiri kutoka mwanzo, vimebanwa kwenye kipindi cha mwisho, dakika chache, mapigano hayana uzito. Damu na uchi sizungumzii, kipindi cha kwanza tu ule ukumbi wa sherehe ya uchi wanayoiita Sabato unatosha.

Na Shetani, ambaye kila mtu anajua ni malaika aliyeasi kwa kiburi, humu anageuzwa mpenzi aliyevunjika moyo tumwonee huruma. Naona wanaoisifia wengi ni vijana ambao kanisani au msikitini walifika mara ya mwisho wakiwa wamebebwa mgongoni. Je, hii ni sanaa au ni kufuru iliyochorwa vizuri?

Kipanga wa Tanga
Mkuu, umeanza vizuri ukaharibu mwisho. Mimi ni mwanakwaya, Jumapili sikosi, na Devilman Crybaby nimeirudia. Nani kakupa mizani ya kupima sala za watu? Kama una hoja kuhusu anime leta hoja kuhusu anime. Humo ndani kuna familia inayosali mezani. Baba yake Miki, Noel, ni mtu wa dini kabisa. Anamkuta mwanawe Taro kageuka shetani anamla mama yake, anashika bunduki, mikono inatetemeka, hawezi kufyatua. Ile ni picha ya baba anayependa hadi mwisho wa akili yake. Nililia. Kwa hiyo usinipangie nani anasali na nani hasali.

Mchambuzi wa Ukonga
Sikukutaja wewe kwa jina. Nilisema "wengi".

Kipanga wa Tanga
"Wengi" ni sisi tunaoipenda. Ukirusha jiwe gizani usimlaumu aliyesema "aah".

Bint wa Mkunazini
Mie limenigusa jengine. "Kila mtu anajua ni malaika aliyeasi." Kila mtu nani, kaka yangu? Kwetu Iblis hakuwa malaika. Suratul Kahf, aya ya 50, imesema wazi kwamba alikuwa miongoni mwa majini, akaasi amri ya Mola wake. Malaika hawaasi. Sasa ukija hapa kuandika kama kwamba dini ni moja na imani ni moja, nusu ya wasomaji ushawatoa nje.

Mtumishi Elia
Dada yangu, kwa heshima kubwa, Biblia nayo iko wazi. Ufunuo 12, vita mbinguni, Mikaeli na malaika zake wanapigana na joka, na joka ana malaika zake. Isaya 14, nyota ya alfajiri inaanguka kutoka mbinguni. Hiyo anime imeiba kutoka huko moja kwa moja, haikuiba kwenye majini.

Bint wa Mkunazini
Isaya 14 hebu anza kuisoma kwenye mstari wa 4, mtumishi. Pameandikwa kwamba maneno hayo ni juu ya mfalme wa Babeli. Nimesoma, nilisomeshwa na masista, usidhani nabahatisha.

Mtumishi Elia
Unabii una tabaka mbili. Mfalme wa Babeli ni wa nje, wa ndani ni adui. Ezekieli 28 vivyo hivyo, anasemwa mfalme wa Tiro lakini anaambiwa alikuwa Edeni. Mfalme gani wa Tiro alikuwa Edeni?

Bint wa Mkunazini
Hiyo ni tafsiri, mtumishi. Mie nimekutajia andiko.

Mzalendo Halisi
Mnabishana Ezekieli wakati tatizo ni Netflix. Hawa wamekaa wakatunga vipindi 12 vya kutukana dini makusudi, ni ajenda, watoto wetu wazoee kumwona Shetani mzuri. Mashariki hawajui habari za Shetani wetu, wamepewa pesa na Magharibi.

Otieno wa Nyalenda
Ndugu, vipindi ni 10. Na Netflix hawakutunga. Hii ni hadithi ya mchoraji Go Nagai, manga yake (katuni za kitabuni) ilianza kutoka Juni 1972, ikaisha 1973. Hiyo 2018 ni Masaaki Yuasa akiongoza, studio Science SARU, Netflix ni mlango tu wa kuingilia. Nagai mwenyewe akiwa mtoto alikutana na kitabu cha mshairi Dante, zile picha za jehanamu za mchoraji Gustave Doré, zikamkaa. Kabla ya Devilman alichora manga ya Mao Dante, 1971, na humo ndimo Mungu alianza kuwa adui na mashetani kuwa walioonewa. Jarida likafungwa, hadithi ikakatika katikati. Studio ya Toei walitaka kitu kama hicho kwa televisheni lakini chepesi kwa watoto, ndipo Devilman ikazaliwa, ikawa na vipindi 39 vya kumpiga shetani mmoja kila wiki. Kwenye manga Nagai akajiachia.

Na ameeleza mwenyewe kwamba ni kazi ya kupinga vita. Kijana kuungana na shetani ni mfano wa kijana kuingizwa jeshini, unapewa silaha ya kuua na unaambiwa ubaki mtu. Miki akifa, ni amani imekufa. Alizaliwa 1945, fikiria Japani ya mwaka ule. Hapo Netflix na ajenda yao wako wapi?

Mzalendo Halisi
Vipindi 10 au 12, uchafu ni uchafu. Wewe umewahi kumwonyesha mama yako?

Otieno wa Nyalenda
Mama yangu hatazami katuni, anatazama habari. Jibu hoja.

Aliyekulia Ruwi
Mmemtaja Nagai nikashtuka. Sisi tuliokulia Masqat, Waswahili wa Oman, huyu mzee ndiye aliyetulea! Grendizer, ile katuni ya roboti, ni yake, ya 1975. Ilitafsiriwa Kiarabu Lebanon, Ghuba nzima ikaacha kazi saa ile. Baba zetu wakali wa dini wakikaa na sisi kutazama, na wimbo wakiujua. Hakuna aliyesema kufuru. Leo mtu yuleyule anaitwa adui wa Mungu.

Mzalendo Halisi
Grendizer ni roboti la kupigana na wavamizi kutoka angani. Unalinganisha na ule ukumbi wa uchi?

Aliyekulia Ruwi
Nalinganisha mkono uliochora. Duke Fleed, shujaa wa Grendizer, naye amepoteza nyumba yake yote, sayari nzima imeangamizwa, amejificha katikati ya watu wasiomjua. Huzuni ni ileile. Mazinger Z, roboti lake jingine, nayo ni ya 1972, mwaka mmoja na Devilman. Mtu mmoja, mwaka mmoja, kazi mbili zilizobadilisha kila kitu. Tafuta msanii wa hivyo.

Mtumishi Elia
Sijajibiwa kuhusu Edeni.

Kigamboni Msomaji
Naomba nirudi kwa mleta mada, maana alisema jambo zito na limepitwa. Anauliza kwa nini Mungu haongei. Tazameni tena ni nani anayesimulia. Habari zote za Mungu katika Devilman Crybaby zinatoka kinywani mwa Ryo. Yeye ndiye anayetuambia vita vilianzaje, yeye ndiye anayesema Mungu alikuwa katili, na sauti ya kwanza tunayoisikia ni ya kwake, anasema upendo haupo. Mwisho anakaa kando ya maiti ya Akira na kugundua kwamba machozi anayolia ndiyo upendo alioukana. Kwa hiyo shahidi wetu mmoja alikosea jambo kubwa kuliko yote. Kwa nini tumwamini kuhusu Mungu? Mimi naona anime hii inamhukumu Shetani kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Ila nakubaliana na mleta mada kuhusu kipindi cha mwisho. Hapa vita vimepita kama tangazo.

Mussa Chipukizi
Mimi nilichoona Miki naye alijitakia. Nchi nzima inawinda mashetani, wewe unaenda kuandika mtandaoni kwamba Akira ni mwema, unamfahamu, ni mtu wa kulia tu. Na jina lako na picha yako. Ulitegemea nini? Angenyamaza angeishi.

Kipanga wa Tanga
Alijitakia? Wewe umesikia ulichoandika?

Mwana Kahama
Mussa, mdogo wangu, nitakuandikia polepole ili nisikutukane.

Bibi mzaa baba alikuwa na macho mekundu. Amepika miaka yote kwa kuni na mavi ya ng'ombe, moshi umemkaa machoni. Usukumani unajua maana yake. Mtoto wa jirani aliumwa, mtu mmoja akanong'ona, na ndani ya siku chache bibi hakuwa bibi tena, alikuwa mchawi. Baba alimwondoa usiku kwa baiskeli. Waliobaki wenye macho kama yake baadhi walikatwa mapanga, na waliowakata walikula nao misibani. Hakuna aliyesimama. Wote walifanya hicho unachosema, walinyamaza.

Ndiyo maana mimi vile vipindi vya mwisho siwezi kuviita katuni. Watu wamefungwa kamba, umati unarusha mawe, Akira anasimama mbele yao kwa mwili wake analia anaomba waache, mpaka mtoto mmoja anaacha kurusha na kumkumbatia. Miki angenyamaza ndiyo angekuwa kama kijiji chetu.

Mussa Chipukizi
Pole kwa bibi. Lakini mimi nazungumzia hadithi. Katika hadithi mashetani walikuwepo kweli. Wachawi wa kusingiziwa na mashetani wa kweli ni vitu viwili. Ule umati ulikuwa na sababu ya kuogopa.

Mwana Kahama
Na sisi kijijini tuliambiwa wachawi wapo kweli. Kila umati una sababu. Miki mwenyewe hakuwa shetani. Walichoma, wakakata, wakacheza kuzunguka moto wakiwa wameinua kichwa chake. Waliofanya vile walikuwa watu.

Nyevu wa Malindi
Huku kwetu Kilifi ni mvi. Mzee akiwa na mvi na shamba, vijana wake wa damu wanaanza kusema anaroga. Wengine wauawa, wengine wakimbilia makazi ya kuwahifadhi. Na ukichunguza wapata ni shamba, si uchawi. Kwa hivyo huyu Mussa anaposema umati ulikuwa na hofu, mimi nauliza: hofu ya nini? 

Mzalendo Halisi
Sasa mada imekuwa uchawi. Nilisema tangu mwanzo hizi katuni zinaleta mambo haya.

Nyevu wa Malindi
Wazee wa Kilifi hawakuuawa na katuni.

Bint wa Mkunazini
Mtumishi Elia, kuhusu Edeni: Ezekieli anamwambia mfalme wa Tiro kwa mafumbo ya kumtukuza kabla ya kumshusha, kama washairi wanavyofanya. Nimekujibu. Sasa nawe nijibu: kama Shetani wenu ni malaika aliyeasi kwa hiari, hiyo anime imekosea wapi hasa? Maana mie nayo inanikera kwa sababu nyengine, kwamba Iblis anapewa machozi. Kwetu alikataa kusujudu kwa kiburi, akaomba muda ili atupoteze, hakulia.

Mtumishi Elia
Hapo kwenye machozi, dada, tuko pamoja. Ufunuo hauna Shetani anayelia.

Kipanga wa Tanga
Kwa hiyo mmekubaliana wawili mnaichukia, na sisi tunaoipenda bado ni wa mgongoni?

Mchambuzi wa Ukonga
Ninyi wote mmekimbia swali. Sikuuliza Iblis ni nani wala Grendizer ilirushwa wapi. Kigamboni amenijibu peke yake na nitamjibu: shahidi mwongo sawa, lakini mwisho ule mwanga unashuka kweli, na tunauona kwa macho yetu, Ryo hatusimulii. Dunia inafutwa na wasio na hatia wote, halafu inaonyeshwa sayari mpya yenye miezi miwili. Hiyo siyo maneno ya Ryo. Hayo ni maneno ya Yuasa. Kwa hiyo lawama yangu iko palepale.

Na wewe Mussa, sikubaliani na Mwana Kahama kuhusu anime hii, lakini hilo la Miki lifute.

Mussa Chipukizi
Sifuti. Nimesema angeishi, sikusema walifanya haki.

Mwana Kahama
Angeishi wapi, Mussa? Kipindi kimoja mbele dunia nzima imekufa, walionyamaza na waliorusha mawe.