Ukoo wa Bandarini (kikundi cha familia)

Mjomba Hamad, Unguja: Assalamu alaykum wanangu. Rukia, nasikia unashinda ofisini ukihamisha kwenye kompyuta vipimo vya zamani vya maji kujaa na kupwa. Siku hizi tahadhari ya tsunami hutolewa kwa dakika chache. Makaratasi hayo yana kazi gani tena?

Rukia: Shikamoo mjomba. Tahadhari hutuambia kwamba tetemeko limetokea na wimbi huenda limeanza safari. Litakavyotukuta hapa ni habari nyingine, na haikadiriki vizuri bila kumbukumbu za mawimbi yaliyowahi kufika hapa hapa. Kipimo cha bandarini kilianza mwaka 1984, ndiyo maana tarehe 26 Desemba 2004 wimbi lilikikuta kazini.

Mjomba Hamad: Siku ile nilikuwa pwani. Maji yalikwenda na kurudi kama yaliyochanganyikiwa, lakini mashua zetu zilisalimika. Wengi husema halikuwa jambo.

Rukia: Kauli hiyo ndiyo inayonitia hofu. Tetemeko lilipiga Sumatra, Indonesia, karibu saa 10 alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi yakatufikia mchana, maji yakiwa chini. Ulikuwa mwezi mpevu, na bamvua ya Unguja, yaani maji makubwa ya wakati huo, hupanda na kushuka karibu mita 4. Yangetukuta maji yamejaa, mjomba, tungekuwa na hadithi nyingine. Hata hivyo watu walikufa Tanzania na Kenya, na Somalia walikufa mamia.

Shangazi Maryam, Maskati: Na si Sumatra peke yake. Novemba 1945 tetemeko la Makran, pwani ya Pakistani na Irani, lilileta mawimbi hadi huku Omani.

Kassim, Tanga: Pangani nako watafiti walifukua mifupa ya watu katika tabaka la mchanga ulioletwa na tsunami, yapata miaka 1000 iliyopita.

Rukia: Matukio ni machache na yamepishana mno, kwa hiyo kila rekodi ina thamani. Kibaya ni kuhifadhi wastani wa kila saa pekee ili kupunguza mzigo: mawimbi haya hupanda na kushuka ndani ya dakika kadhaa, na wastani huyafuta. Mjomba, uliandika popote maji yalipofika siku ile?

Mjomba Hamad: Niliandika katika daftari la mashua, pamoja na saa. Mchwa wamekula pembeni.

Rukia: Naomba nilipige picha, kisha unionyeshe mahali penyewe tupapime.

Mjomba Hamad: Njoo Ijumaa baada ya sala. Njoo na futi, langu limekatika.